Mtoto Aliyezoea Mgongo Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Mlola, Mganga Mfawidhi alinikabidhi mizani ya kuning'iniza watoto, akasema, "Masika utawaona wanapungua uzito. Usiwagombeze mama zao, ndio wanaolima."

Nilikuwa muuguzi mgeni, sina mume wala mtoto. Zahanati ikifungwa nilikuwa naongea na sufuria yangu. Ninyi vijana mna simu. Sisi tulikuwa na ukungu tu.

Masika baadhi ya akina mama waliteremka tambarare, upande wa Mazinde, kulima mahindi. Walikaa huko hadi palizi iishe, na kichanga akaachwa kwa bibi yake na uji mwepesi. Wakati huo chakula cha akiba nacho kimekwisha, basi mtoto anakosa ziwa na anakosa uji wa maana.

Eliza aliletwa na bibi yake hata kukaa hajui, ngozi imelegea mapajani. Bibi miguu ilimsumbua, nikajitolea kumpitia mtoto kila jioni. Nilimnywesha maziwa kwa kikombe, nikambeba mgongoni. Akanizoea, akisikia sauti yangu mlangoni ananyoosha mikono. Nilifurahi kupita kiasi. Uzito haukupanda.

Mganga Mfawidhi aliitazama kadi ya kliniki, kisha akanitazama mimi. "Sista, mama yake ameitwa?"

"Bibi anasema palizi haijaisha, mganga."

"Na wewe unasemaje?"

Kumwita Naomi, mama yake, kulikuwa kumtoa mtoto mgongoni kwangu. Kesho yake nikampa kondakta wa basi ujumbe.

Naomi alifika amelowa, matope hadi magotini. "Sista, maziwa yamekauka," akasema.

"Mweke titini kila mara, yatarudi. Na ukiteremka tena, teremka naye."

Eliza alimsukuma mama yake, akanililia mimi. Nikatoka nje asinione. Kilio kilichukua muda, kisha kikakatika. Nilichungulia dirishani, nikaona ananyonya.

Waliteremka pamoja. Walipopanda kurudi Mlola kiangazi, Eliza alikuwa mzito, na mimi hakunikumbuka. Baadaye nilihamishiwa Mgwashi, nikapima watoto wa watu hadi nilipostaafu.

Siku hizi watu huniuliza kama sikuwahi kutamani mtoto wangu. Nilimtamani mmoja tu, na ni mimi niliyemwita mama yake aje amchukue.