Mashine ya kupasua kuni ilivyofanya mama mkwe anishike shati

Wakuu, salamu kwenu nyote humu ndani.

Kabla mtu hajasema nimetunga, mkono uliokuwa ndani ya mashine ni wangu, na ndio huu naandika nao.

Mimi ni Mluhya, nimeoa Mluhya. Wakwe zangu wanaishi Mbotela, Nairobi, zile nyumba za zamani za council. Mzee alikuwa amestaafu kazi ya reli, familia ikapanga shukrani. Kanisa zima lingekuja kula baada ya ibada.

Kwa wasiojua, kwetu mwanaume na mama mkwe hawazoeani. Hamshikani mikono, hamketi karibu. Na wangu anafuata mila mpaka mwisho. Tangu nimeoa hakuwa amewahi kuniambia neno uso kwa uso. Akitaka kitu anamwambia mke wangu, hata kama nimesimama hapo hapo.

"Mama Neema, uliza bwana yako kama amekula."

Nasikia. Nangoja mke wangu aniulize. Namjibu mke wangu. Mama anasikia, anaenda kupakua. Mke wangu amechoka na hii kazi ya ukalimani.

Shida ya mpango huu ni kwamba huwezi kujua mtu anakuonaje. Mimi ni wa ofisi. Shemeji yangu aliyeoa dada mkubwa wa mke wangu ana mabega kama mlango, na ndiye hupasua kuni kila sherehe. Mimi hupewa kazi ya kupanga viti. Viti vya plastiki, wakuu.

Sasa safari hii shemeji alikuwa kazini nje ya nchi. Nikajiambia, leo huyu mama ataona ana mkwe mwingine.

Shoka silijui na sikutaka kujifunzia mbele ya wageni. Nikaingia online nikaagiza mashine ndogo ya stima ya kupasua kuni. Imelala chini kama benchi fupi. Unalaza kipande cha gogo, inakisukuma polepole hadi kwenye chuma chenye makali, kinapasuka.

Jumamosi ya maandalizi nikaitoa kwa boot ya gari. Nyama ilikuwa imeshafika kutoka soko la Burma, sufuria kubwa ziko kwa mawe, kina mama wamefunga leso wanangoja kuni tu. Magogo ya mkaratusi yalikuwa yamerundikwa nyuma ya nyumba. Bila mimi hakuna moto, hakuna moto hakuna chakula.

Mke wangu akaniuliza, "Umesoma maagizo?"

Nikamwambia hii ni kitu ya kubonyeza tu.

Na kweli ni ya kubonyeza, lakini inataka mikono miwili. Mmoja ubonyeze button, mwingine ushike leva. Ukiachilia mmoja inasimama. Waliotengeneza walikuwa na akili, walitaka mikono yako yote iwe mbali na gogo. Mimi nikaona wananichelewesha. Nikachukua blada, ule mpira wa tyubu ya baiskeli tunaofungia kila kitu, nikafunga button ikabaki imebonyezwa. Leva nikaisukuma kwa goti. Mkono mmoja ukawa huru wa kushika gogo.

Tusidanganyane, nusu yenu mngefanya hivyo hivyo.

Gogo la kwanza likapasuka vizuri. La pili pia. Kina mama wakapiga vigelegele. Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa jikoni na uteo wa kupepetea mchele mkononi, anatazama, haondoki. Nikaanza kupasua kwa madaha.

Halafu likaja gogo lenye fundo.

Mashine ikasukuma, ikanguruma, ikakwama. Stima ikapotea nyumba nzima.

Hapo mbele ya nyumba kuna kibanda cha kinyozi, anaitwa Kevo, anavuta stima kwa mzee. Swichi kubwa ya plot iko ndani ya kibanda chake. Akatoka mbio, na nyuma yake mchungaji, shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja tu.

"Buda, nani amezima stima? Pasta ako na ibada kesho!"

Nikapiga kelele kwamba ni mimi, narekebisha. Wakarudi ndani.

Mimi nikainama. Gogo lilikuwa limefunguka kidogo, nikatia vidole kwenye ufa nilivute. Goti bado liko kwa leva. Button bado imefungwa blada. Na Kevo, kwa kumhurumia pasta, akarudisha swichi.

Mashine ikanguruma.

Kilichofuata ni sauti ambayo sijawahi kuelekezewa maishani, ikiniita kwa jina.

"BARASA! TOA MKONO!"

Kabla sijaelewa ni nani, nimeshikwa shati mgongoni nikavutwa, nikakalia mchanga. Gogo likapasuka paa! mahali vidole vyangu vilikuwa.

Nikageuka. Mama mkwe, uteo chini, shati langu bado liko mkononi mwake.

Compound nzima ikatugeukia. Hawakuwa wanaangalia mashine. Walikuwa wanaangalia ule mkono.

Akaachilia shati kama limemchoma, akarudi nyuma mpaka ukutani. Mzee akakohoa. Akasema mila imevunjwa, hii inataka kuku wa kuitakasa.

Nikaruka kusema kuku ni wangu, kosa ni langu. Mama akamgeukia mke wangu, macho yako chini.

"Mwambie kuku ni wangu. Nitatoa hata kumi. Bora huyu mtoto wangu abaki na mikono yake."

Mke wangu akaniangalia. "Mama amesema kuku ni wake."

Nikamwambia nimesikia. Nimesikia na hiyo ingine yote. Nikaingia choo ya nje nikakaa huko kidogo, kwa sababu mwanaume mzima alikuwa analia.

Kuni zilizobaki nilipasua bila blada, mikono yote miwili mahali pake, Kevo akiwa amemmalizia pasta kichwa kwa wembe. Watu walikula wakashiba.

Mafunzo: Usifunge button ya usalama. Usitie mkono kabla hujachomoa waya ukutani. Na mashine ya nguvu usiiwashe kwa line moja na kinyozi.

Jumapili hiyo mama alirudi kwa kawaida yake, hanisemeshi. Nami sina haja tena anisemeshe.

Wenye mama wakwe wa hivi, nyinyi mlijuaje mnapendwa? Mwageni hapa chini.