Shali Niliyofunikia Chungu

Ile siku ya upepo wa mwezi wa saba haijanitoka, mwanangu, na sidhani kama itanitoka. Wewe huikumbuki, ulikuwa na miezi mitano. Sasa una miaka minane, na umeanza kunifuata nyuma ukitaka sindano zangu za kufumia, ukitaka na udongo, vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo maana naandika. Mimi si mzee, hata thelathini sijafika, na wazee wenye nasaha zao wamejaa hapa Tlawi. Lakini jambo hili sitaki ulisikie kwa mtu mwingine anayetikisa kichwa huku akikusimulia. Lisikie kwangu.

Nilizaliwa Getanuwas, kwenye jua na vumbi, na kufinyanga nilifundishwa na bibi mzaa mama. Kule chungu unakiweka kivulini, unakigeuza, kinakauka taratibu bila kukusumbua. Kufuma nilijifunza sekondari, bwenini, kwa matroni ambaye hakuweza kukaa bila kitu mkononi. Vyote viwili vikaniingia. Sikuwa nauza, Fabiola. Hilo watu hawalielewi mpaka leo. Nilikuwa nachukua sweta kuukuu za mnadani, nazifumua, nazungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, nafuma upya, kwa sababu nikishika kazi ile kichwa changu kinatulia. Udongo vilevile. Nikikaa wiki tatu sijaugusa nakuwa mkali hata kwa kuku.

Nilipoolewa huku juu nikakuta baridi, ukungu mpaka saa nne asubuhi, na watu wenye swali moja: "Unamtengenezea nani?" Nikisema simtengenezei mtu, wanatazamana. Jirani yetu Mama Teofili akanibandika jina. Namwamkia, "Shikamoo mama," naye anaitikia, "Marahaba, mwanafunzi. Leo tuna somo gani, nyuzi au matope?" Alikuwa anatania tu, na ana kicheko kizuri yule mama. Lakini mimi nilikuwa narudi ndani nimewaka.

Ukazaliwa wewe, mdogo, mwepesi kama mkungu wa ndizi uliokatwa kabla ya wakati. Ulipofika miezi miwili ukaugua nimonia. Tulipotoka hospitali nesi alinishika mkono akasema, "Huyu mtoto joto, mama. Mengine yote yanafuata. Asipigwe baridi hata kidogo." Nikafuma shali nzito, ya kijivu na nyekundu, nilitumia sweta tatu. Ilikuwa nzuri. Nikaanza na sweta yako, ikafika mahali imebaki mkono mmoja, ikakaa hapo.

Ilikaa hapo kwa sababu ya chungu. Nakwambia wazi. Nilikuwa nimeona kwenye simu chungu kirefu chenye shingo pana, nikataka kutengeneza cha kwangu, kinachonifika gotini. Na udongo una msimu wake. Wakati wa mvua vitu havikauki, na huwezi kuchoma vyungu nje kwenye matope. Lazima ungoje kiangazi. Sasa kiangazi cha huku ndiyo miezi ya baridi kali, miezi ambayo mtoto anataka sweta. Ugumu wangu wote ulikuwa hapo: mwezi unaonipa ruhusa ya kufinyanga ndio mwezi unaonidai nifume. Na mikono ni hii miwili, na iliyotoka kwenye udongo inakwaruza, inakamata uzi, inauchafua. Huwezi kuruka kutoka kazi moja kwenda nyingine kama mtu anayebadilisha stesheni ya redio.

Utaniuliza, si ungempa bibi anishike? Bibi yako, mama mkwe wangu, anakaa hatua ishirini kutoka mlangoni kwetu. Ningekuwa naenda kupalilia ningemwomba bila kufikiri. Ningekuwa naenda mnadani, au kuchota maji, ningemwomba. Lakini nianzeje? "Mama, nishikie mtoto nikacheze na udongo"? Niliona aibu. Baba yako kila Jumamosi alikuwa anashuka senta kutazama mpira, anaondoka saa nane anarudi jua limezama, na hakuna mtu Tlawi nzima aliyewahi kumuuliza anamtazamia nani. Mpaka leo nikiliandika hili damu inachemka. Ila hasira zangu kwa baba yako hazifuti nilichofanya mimi, kwa hiyo naendelea.

Ilikuwa Jumamosi. Baba yako ameshaondoka. Upepo ulikuwa umeanza tangu asubuhi, ule unaopita chini ya mlango unapiga filimbi. Chungu kilikuwa kwenye kona ya chumba, mdomo wake nimeumaliza siku hiyohiyo, bado mbichi, na tumbo lake limeshaanza kukauka. Upepo ukikausha mdomo haraka kuliko tumbo, chungu kinapasuka, basi. Nikaona ufa mdogo kama unywele. Nikaupaka maji kwa kidole. Ukarudi. Nikatafuta gunia la kukizungushia, magunia yote yana mahindi. Nikageuka, nikaiona shali.

Ulikuwa umelala ndani yake.

Niliivuta taratibu usiamke. Nikakufunika kanga mbili. Nikaizungushia shali kwenye chungu, vizuri kabisa, nikaikunja pale mdomoni kama mtu anayemfunga mtoto mgongoni. Nikajisemea dakika tano tu, nikaombe gunia tupu kwa jirani. Halafu nikanawa mikono, nikakaa kidogo kuikausha, na ile sweta ilikuwa pale kwenye kiti na mkono wake mmoja. Nikasema ngoja nimalize mstari mmoja. Halafu nikasema, ukweli nikimaliza mkono huu leo, mtoto ana sweta, hata shali haitakuwa na shida. Nikaanza kuhesabu vitanzi. Anayefuma anajua ukianza kuhesabu husikii kitu kingine. Gunia sikwenda kuomba. Nilifuma kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na kiganja, na nilikuwa na furaha, mwanangu. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nilikuwa na furaha, nakufumia wewe sweta, na wewe uko nyuma yangu unaganda.

Bibi yako alipiga hodi, sikusikia. Akaingia. Hata shikamoo sikutoa, na kwa bibi yako hilo peke yake ni kesi. Hakuliona. Alitazama chungu. Akatazama kitanda. Akatazama tena chungu.

"Umemfunika nani?"

"Mama?"

"Nakuuliza. Humu ndani umemfunika nani?"

Nilikuwa bado sijaelewa, nilikuwa na namba kichwani, ishirini na nane, ishirini na tisa. Aliivuta ile shali kwenye chungu, ikatoka na maji ya udongo, akaitupa chini. Akakuokota, akakuingiza ndani ya blanketi alilojitanda, ngozi kwa ngozi. Akasema, "Miguu imekuwa mawe." Hukulia. Nilikuwa nangoja ulie. Mtoto akiamshwa hivyo analia, na wewe ulikuwa unafungua mdomo na kuufunga, na chini ya mbavu kifua kinabonyea, kinabonyea.

Nikampigia baba yako. Inaita, haipokelewi. Nikapiga mara nne. Bibi akasema, "Achana na huyo, ita pikipiki." Tukapanda mishikaki, dereva, bibi, wewe katikati na mimi nyuma. Yule kijana alitutazama akasema, "Mama zangu, shikaneni, leo siendi polepole." Njia nzima mpaka mjini Mbulu sikuona nyumba wala mtu. Nilikuwa nimeingiza mkono ndani ya blanketi la bibi, kidole changu kiko kwenye ubavu wako. Kila tuta likiturusha, kidole kinapoteza ubavu, na nakuwa sijui. Naupata tena. Naupoteza. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Pumua, pumua," dereva akadhani nasema naye.

Hospitali nesi alikuwa mgeni, kwa lafudhi yake mtu wa Pwani. Akaweka saa yake karibu na kifua chako, akahesabu, akaita mwenzake. Wakaweka mpira wa hewa puani. Huku mikono yake inafanya kazi akaniuliza, "Dada, mtoto alikuwa amevaa nini?"

"Kanga."

"Kanga? Na baridi hii ya kwenu?"

Bibi yako ndiye aliyejibu. "Anajua, binti yangu. Amekwishajua. Wewe mhudumie mtoto."

Siku mbili sikujua kama nitarudi na wewe au na blanketi tupu. Baba yako alifika jioni ile amepauka, nikataka kumpiga, nikakosa nguvu. Nilikaa nikikutazama kifua. Kikipanda naogopa hakitashuka, kikishuka naogopa hakitapanda. Nesi akaniambia niache kuhesabu maana nitaugua mimi. Sikuacha. Siku ya tatu asubuhi ukapiga chafya, ukafungua macho, ukalia kwa hasira kabisa ukitaka ziwa, na yule nesi akasema, "Haa! Huyu kamrithi nani?"

Tuliporudi nyumbani chungu kilikuwa kimepasuka kutoka mdomoni mpaka tumboni. Nilikushusha kitandani, nikachukua mchi. Kulikuwa na mabakuli manne na vikombe vyangu dirishani, nilitaka vyote viende, na sindano niziingize jikoni kwenye moto. Bibi yako alikuwa mlangoni.

"Vunja basi," akasema. "Halafu?"

"Naacha, mama. Ni mchezo tu, na mchezo wangu umetaka kuua mtoto."

"Nani amekwambia ni mchezo?"

"Watu wote."

"Mimi nimesema lini?"

Nikatafuta. Nikatafuta sana, mwanangu, maana nilikuwa na hamu ya kumpata na kosa. Hakuwahi kusema.

"Nakaa pale," akasema, akaonyesha kwa kidevu. "Hatua ishirini. Hukuja hata siku moja. Unafinyanga umefunga mlango kama mtu anayepika gongo. Ungeniambia, mama leo nina udongo, ningemchukua mjukuu wangu nikaota naye jua. Kazi yako haina kosa. Kosa ni kuiiba. Ulikuwa unamwibia mtoto kwa sababu uliona aibu kuniomba mimi. Ukivunja hivyo vikombe utabaki na hasira na mikono mitupu, na huyu hapa hatapata joto lolote kwenye hiyo hasira."

Niliweka mchi chini. Nikataka kumshukuru, akanikatisha. "Usinishukuru. Ile shali sijakusamehe."

Mpaka leo hajasema kama amenisamehe. Mimi sijamuuliza. Tunakaa vizuri, anakuja, anakunywa chai kwenye kikombe changu, anakisifia. Lakini hilo neno hajalisema, na mimi kila mwezi wa saba upepo ukianza naamka, nakuja kukugusa miguu. Umekua, unanifukuza, unasema, "Mama, niache nilale." Sitaacha.

Sasa sikiliza, maana sindano nitakupa, na udongo nitakuonyesha unapochimbwa. Sikukatazi. Nasema hivi. Uzi unangoja. Unaweza kuuacha katikati ya mstari, ukaurudia baada ya mwezi, ukaukuta ulivyouacha. Udongo haungoji, ukiushika umeshika siku nzima. Kwa hiyo kabla hujaloweka udongo, mtazame mtu anayekutegemea siku hiyo, mtoto au mgonjwa au mzee, na umkabidhi kwa mtu mwenye jina. Sema kwa mdomo: leo nafinyanga, nishikie mpaka saa fulani. Wakicheka, wacheke wakiwa wamemshika. Baba yako siku hizi Jumamosi moja anakwenda mpira na Jumamosi moja anabaki nyumbani, na hilo halikuja kwa upole wangu, nililidai. Wewe lidai mapema, kabla hujaolewa, mwenzako akijua wewe ni mtu wa namna gani.

Na ukiwa unafuma karibu na mtoto, kimya kikizidi, weka sindano chini. Usimalize mstari. Huo mstari ndio uliotaka kukuchukua. Wala usivue kitu kwa mtu ukivalishe kazi yako, hata kwa dakika tano, hata kama kazi yenyewe unamfanyia yeye. Kupenda vitu viwili si dhambi, mwanangu. Mimi napenda vitatu na wewe ndiye wa kwanza, na siku moja nilisahau kuhesabu kutoka kwako.

Mungu aliyekurudishia pumzi akuwekee mikono mizima na macho yanayogeuka kutazama nyuma. Akupe udongo usiopasuka na uzi usiokatika. Akupe na watu wa kuwaomba, na ulimi usioona aibu kuomba. Na nyumba yako iwe na joto.