Msimu wa Mama Nyota

Enzi zetu pale Nachingwea, tamthilia ilikuwa na siku moja kwa wiki, na ukiikosa umeikosa. Yetu ilikuwa Jumapili saa kumi jioni, dukani kwa Mzee Mchopa, aliyekuwa na dishi pana kuliko paa la jiko letu na jenereta lililokohoa kabla ya kuwaka. Kiingilio chake kilikuwa ndoo moja ya maji. Maji yalikuwa shida mtaani kwetu, naye alikuwa na wake wawili na pipa moja. Kwa hiyo kila Jumapili tuliacha mchezo wa rede katikati, tukanawa vumbi miguuni, tukajipanga na ndoo vichwani kama watu wanaokwenda kumwagilia bustani, kumbe tunakwenda angani.

Tamthilia ilimhusu nahodha mwanamke aliyeendesha chombo kati ya nyota akimtafuta binti yake mdogo aliyepotea. Sisi tulimwita Mama Nyota. Walizungumza Kiingereza tupu, lakini mwanzo na mwisho wa kila kipindi mtangazaji alitueleza kwa Kiswahili yaliyopita na yanayokuja. Katikati tulijaza wenyewe. Kijana wa leo hawezi kutazama kitu bila maandishi chini ya kioo. Sisi tulitazama macho ya Mama Nyota, tukaelewa.

Aliyeelewa kuliko wote alikuwa mama mdogo Somoe.

Alikuwa mdogo wa mama yangu, ameolewa Ruangwa. Mwaka ule alikuja kwetu na kibegi kimoja, baada ya binti yake Salma kufariki kwa homa, hajatimiza miaka miwili. Mazishi yalipita, arobaini ikapita, yeye hakulia. Wala hakulitaja jina la mtoto. Nyumbani tuliacha kumwita Mama Salma, tukamwita Somoe kama msichana. Alikula akilazimishwa, ugali wa muhogo tonge tatu, kisha akakaa akitazama ukuta. Jumapili tu ndiyo iliyomwinua. Saa tisa na nusu utamwona kafunga kanga, ndoo kichwani, ananihimiza: "We Hawa, utatuchelewesha!"

Kila mwezi mumewe alikuja na baiskeli kutoka Ruangwa kumfuata. Mtu mpole, mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Kila mwezi alirudi peke yake. Mwishowe akaja na baba yake mzazi, na mzee yule hakunywa hata chai.

"Mwanangu si mgane," alisema. "Tumpe nafasi, sawa. Lakini nafasi ina mwisho."

Mama mdogo akajibu akiwa ametazama chini, "Nitarudi, baba. Nikishaona mwisho wa yule mama."

Wageni hawakujua yule mama ni nani. Mimi nilijua.

Mwisho ukaja mwezi wa tatu, mvua ikipiga bati hadi Mzee Mchopa akaongeza sauti mpaka kishindo. Mama Nyota alikuwa amefika kwenye mlango wa chuma. Mlango ukafunguka kidogo. Ukatokea mkono mdogo, vidole vinne, ukashika ukingo wa mlango. Kisha muziki. Kisha mtangazaji: "Na huo ndio mwisho wa msimu, watazamaji wetu. Tukutane msimu ujao."

Sasa, kwetu neno msimu lina maana moja. Huna haja ya kueleza msimu wa nini. Watu huoa msimu ukifika, huezeka bati msimu ukifika, na mtoto akiomba viatu huambiwa angoje msimu. Msimu ni korosho. Hakuna hata mmoja pale dukani aliyeuliza swali.

"Mmesikia wenyewe," akasema Mzee Mchopa akizima jenereta. "Mpaka msimu."

Baba alicheka tulipomsimulia. "Kumbe na wa huko angani wanangoja korosho kama sisi!"

Mama mdogo ndiye aliyempa mumewe habari alipokuja safari iliyofuata: msimu ukifungua, nitarudi. Mkwewe akakubali kwa sharti, kwamba korosho zikimalizika kuokotwa naye hayupo Ruangwa, kijana atatoa talaka.

Tangu hapo akaanza kwenda shamba. Mama alifurahi, akidhani mdogo wake amepata nafuu. Alikwenda alfajiri kuitazama mikorosho yetu mmoja mmoja, kama mtu anayekagua wagonjwa. Wakati wa kupuliza salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, alifunga kanga puani, akapuliza mpaka nyusi zikawa za njano. "Imetoa maua," alituambia jioni moja, na siku ile alikula sahani nzima.

Kosa langu lilianza mwezi wa saba. Tulikuwa darasani, na mwalimu wetu mgeni, aliyetoka Dar es Salaam, alitukuta tukibishana kama Mama Nyota atarudi korosho zikikomaa. Alicheka mpaka akaegemea ubao.

"Nyie watu wa Kusini nyie! Msimu wa tamthilia ni fungu la vipindi. Na hiyo yenu wameshaifuta. Hairudi."

Wenzangu walipiga kelele. Mimi nilimwamini. Nilirudi nyumbani nikamkuta mama mdogo ameshika kikonyo chenye korosho changa, ya kijani, ndogo kama jino.

"Tazama, Hawa. Bado kidogo."

Sikusema. Siku iliyofuata sikusema. Nilianza kuichukia mikorosho kwa kukua kwake. Usiku nilimwomba Mungu alete ukungu, maua yanyauke, tuambiwe mwaka huu hakuna msimu. Mikorosho ikazaa kuliko miaka yote. Mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, yakaiva, yakaanguka, harufu yake tamu ikaingia hadi kwenye madaftari yetu.

Jumapili ya kwanza baada ya korosho kuanza kuokotwa, alivaa kanga mpya. Tukabeba ndoo. Njiani alikuwa akizungumza, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Mimi nilikuwa nahesabu hatua tu.

Dukani palijaa vijana, na kwenye kioo palikuwa na mpira.

"Shangazi, umepotea njia?" akasema mmoja. "Leo ni wanaume."

"Nimekuja kumwona mtoto," akasema mama mdogo.

"Mtoto gani?"

"Wa pale mlangoni. Msimu umefungua."

Wakaangua kicheko. Mzee Mchopa hakucheka. Alikuna kidevu, akasema taratibu, "Mwanangu, tulielewa vibaya. Msimu wao siyo wetu."

"Si umeshaambiwa?" akadakia yule kijana. "Ile imekufa, shangazi. Imekufa kitambo!"

Mama mdogo alisimama na ndoo yake kichwani. Tone halikumwagika.

"Imekufa," akasema.

Akaenda kwenye pipa, akamimina maji yake yote, akaiweka ndoo chini.

"Na Salma amekufa," akasema. "Mwanangu Salma amekufa."

Mtu akapunguza sauti ya mpira. Mama mdogo akakaa chini palepale kwenye tope la pipa, na kanga mpya, akalia kilio nilichokisikia misibani kwa wengine, kile tulichokingoja mwaka mzima. Mke mkubwa wa Mzee Mchopa akatoka ndani, akakaa naye topeni bila kuuliza kitu.

Tulirudi jua likizama. Nikamwambia, "Mama mdogo, mimi nilijua. Tangu mwezi wa saba."

"Najua ulijua. Uliacha kunitazama usoni." Akanifuta kamasi kwa pindo la kanga. "Ungeniambia siku ile, ningekupiga. Na nisingeamini."

Alhamisi mumewe akaja. Mama akamfungia korosho za kukaanga, akamwita mdogo wake kwa sauti mbele ya wote, "Haya, Mama Salma, panda." Akapanda nyuma ya baiskeli.

Siku hizi mwanawe aliyemzaa baadaye ana tamthilia nzima kwenye simu. Anaimaliza kwa siku mbili akiwa amelala kifudifudi, na ikikatwa bila mwisho anasema, "Wamezingua," anafungua nyingine kabla chai haijapoa. Namtania, ananiona mshamba, na pengine ana haki. Kwake kitu kinakwisha kwa kidole. Mama yake alipewa miezi saba kwa kosa la neno moja, akaitumia yote, maua hadi mabibo, na bado hakuwa tayari. Lakini habari ilipomfikia, ilimkuta amesimama.