Tumbawe Lililovunjwa Kobero

Nilisomea samaki wa baharini Tanzania, nilikokulia ukimbizini, na leo nafundisha biolojia Gitega, katika nchi isiyo na bahari. Likizo moja nilirudi pwani kuuona mwamba wa matumbawe niliouzoea nikiwa mwanafunzi. Wavuvi walikuwa wameulipua kwa baruti. Upana wake ulikuwa uleule, lakini matawi na mapango yake yaligeuka kifusi, na samaki wa kila namna waliojificha humo walitoweka. Zilibaki aina mbili tatu tu.

"Mwamba si bado upo?" mvuvi mmoja aliniambia.

Kwenye kifusi niliokota tumbawe moja zima, lenye matundu kama sega la nyuki, ili wanafunzi wangu waone samaki wanakaaje.

Mpakani Kobero, nikirudi kazini, afisa wa forodha alilitoa begini. "Hii iko nini, madame?"

"Tumbawe. Samaki wadogo hulala humu."

Alilipiga nyundo aone kama nimeficha kitu. Likasambaratika mezani. Nilipiga kelele, akanishangaa.

"Jiwe iko jiwe. Yote iko hapa, hakuna kitu imepotea."

Nililala Muyinga kwa mama, nikavimwaga vile vipande uani kwake. "Pole, mwanangu," alisema. "Lakini huku nani angelihitaji?"

Gitega, kitabu cha wanafunzi kilisema tu kwamba mwamba mkubwa una samaki wengi. Nikachora matundu ubaoni kwa chaki, nikaeleza kwamba samaki hufuata matundu, si ukubwa wa mwamba. Mmoja akauliza kama hayo yatakuja kwenye mtihani. Nilimwambia hayatakuja, akaweka kalamu chini.