Wali Uliotengewa Buda Kwanza

Juzi mjukuu wangu alinunua vijiti vya udi sokoni Arua, akawasha kimoja sebuleni. Nikamwambia azime. Si kwamba udi unanuka vibaya. Harufu ile hunirudisha utotoni. Yeye hakuuliza kwa nini, basi nawaambia ninyi.

Nilikuwa msichana mdogo, shuleni Adumi. Siku moja mwalimu alituongoza kwa miguu mpaka mjini, kwa bwana mmoja wa Sirilanka, fundi wa mitambo ya umeme. Chumba kimoja cha nyumba yake alikifanya hekalu, nasi tulikwenda kujifunza dini ya Buda. Tuliambiwa tuvue viatu. Mwenye viatu alikuwa mwalimu peke yake. Ndani kulikuwa na moshi wa udi, maua, na sanamu ya mtu aliyeketi, macho nusu wazi, kama jirani anayejifanya amelala ili asikie umbea.

Mwalimu alieleza kwamba Buda alikuwa mtu aliyekufa zamani, alifundisha watu kutuliza moyo. Wangu haukutulia. Nilikuwa namtazama mke wa fundi. Alikuwa amepika wali wa maziwa, akaukata vipande, cha kwanza akakiweka mbele ya sanamu. Halafu akatugawia sisi, kutoka sufuria ileile.

Kwetu, chini ya ghala, palikuwa na mawe ya wazee waliokufa. Babu aliwatengea chakula kwanza, na kilichobaki kililiwa na watu wa ukoo tu. Nyanya, mama yake baba, alizoea kusema: "Ukila na wafu wa watu, watakuhesabu kuwa mtu wao." Na aliyehesabiwa huugua, akafa.

"Kula," mwalimu alisema, fimbo kwapani.

"Huyu anaogopa!" Rafiki yangu Candiru alicheka, mdomo umejaa. "Sanamu iko na meno?"

Nilimeza nusu. Nusu ilinishinda, nikaifunga kwenye jani la mgomba. Njia nzima ya kurudi nilisikiliza tumbo langu. Liliponguruma, nilisimama nikangoja kuanguka.

Nyanya alikuwa anapepeta mtama. Aliona jani, akauliza, nikamweleza yote. Ungo ukasimama.

"Umemeza?"

"Nimemeza, Nyanya."

Aliyatazama mawe, akanitazama mimi. Kisha akachukua ile nusu, akaitia mdomoni, akatafuna polepole.

"Chumvi iko kidogo," alisema. "Haya, kateke maji."

Nilikimbia mtoni nikiimba. Nilidhani Nyanya amegundua kwamba wali ule hauna neno.

Sasa nami ni nyanya, naelewa. Nyanya yangu aliwaogopa wafu wa watu mpaka siku tuliyomzika. Jioni ile hakugusa uji. Alikaa ubavuni kwangu, amenishika kifundo cha mguu, nami nikanung'unika kwamba ananizuia kucheza. Kumbe alikuwa anangoja. Kama wafu wale wangekuja kunichukua, wangetukuta wawili.