Komwe za Kijani

Kwenye meza ya hoteli moja huku Manda wameweka maganda makavu ya mkomwe kama pambo. Nimeshika moja. Miiba yake midogo ingali inachoma.

Babangu alipofariki, mama alikaa eda katika nyumba yetu ya Langoni, akihesabu siku kwa komwe za kijivu, mbegu za mkomwe. Kila magharibi alihamisha moja kutoka bakuli hili hadi lile.

"Mamako akitoka edani arejea kwao Chundwa," nyanya, mamake baba, aliniambia. "Wewe wabaki hapa, una chuo cha Kurani."

Komwe zilipobaki chache, nilikwenda uani nikapasua maganda mabichi ya mkomwe, mikono ikachanika. Mbegu zake saba nikazitia katika bakuli la siku zilizobaki. Sikujua kwamba komwe changa huwa za kijani.

Eda ikaisha. Bakulini zilibaki zile za kijani pekee. Mama alishika moja, akaitazama mikono yangu.

"Na hii pia ni siku," akasema, akaihamisha.

Alikaa mpaka zikaisha zote saba. Na kule uani, mkomwe ulikuwa bado umejaa maganda.