Njegere Sikioni mwa Don Evaristo

Ilikuwa siku ya tisa Don Evaristo Landeros anapambana na kurasa mbili za karatasi, na karatasi ndizo zilizokuwa zikishinda. Alizisoma akinyoa ndevu, akazisoma kwenye foleni ya mikate ya tortila, akazisoma kitandani mpaka mkewe akageukia ukutani. Akifumba macho, kichwani patupu.

Mtu wa miaka sitini na saba, aliyezikwa mara kumi na tisa kwenye tamthilia na kufungisha ndoa nyingi kuliko padri wa kweli, anashindwa na kurasa mbili! Lakini wa kumshangaa ni mgeni. Hakuwahi kukariri kitu maishani. Pale studio, tangu ujana wake, waigizaji walivaa sikioni kidude wanachokiita njegere, na mtu aliyekaa kwenye kibanda cha kioo aliwasomea humo maneno yao. Kazi yao kuyasema tu. Bingwa hangoji sentensi iishe. Neno likiingia sikioni linatoka mdomoni, halilali humo kati hata usiku mmoja. Na Don Evaristo alikuwa bingwa wa mabingwa.

Sauti ya kwenye njegere ilikuwa ya Amparo. Alianza kuwa msomaji wake, kisha akawa mkewe, sasa mwaka wa thelathini na moja. Magazeti yakimuuliza siri ya ndoa yake, Don Evaristo alijibu kwa maringo, "Namsikiliza mke wangu." Watu walicheka, naye aliamini kabisa.

Sasa wamekuja hawa vijana wa filamu za mtandaoni, na njegere hawaitaki. Eti macho ya mwenye njegere yanaonekana kama yanangoja basi kituoni. Miaka minne hawajamwita mtu huyu, kisha ghafla wanamwita kumjaribu: awe mzee wa mji wa Puebla anayemuaga mkewe hospitalini. Asipoipata kazi hii, alijua mwenyewe, hataitwa tena mahali popote. Hilo lilimuuma, tena lilimtia hasira na kila kitu, hata na kahawa.

"Nisomee," alimwambia Amparo asubuhi ya Alhamisi. "Wewe utakaa garini chini, simu tunaiacha wazi mfukoni mwangu. Nimenunua njegere ndogo inayoshika simu. Hawataiona."

"Huoni haya, mzee mzima?"

"Haya nitaona nikishapata kazi. Mara hii tu, mama."

"Mara hii tu uliniambia mwaka ule mama yangu amelazwa. Nikamwacha, nikaja kukusomea."

"Sasa Amparo, huu ndio wakati wake?"

"Wakati wake ni lini?"

Don Evaristo alikuwa chini ya kitanda akitafuta kiatu. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Amparo alichukua pochi na zile kurasa mbili, akatangulia garini.

Chumba cha majaribio kilikuwa ghorofa ya tatu. Mwongozaji, binti aitwaye Itzel, alikaa sakafuni kama yuko kwao. Mwigizaji mmoja wa kike alilala kwenye benchi, ndiye mke mgonjwa.

"Anza ukiwa tayari, Don Evaristo."

Sauti ya Amparo ikaja, tulivu. "Unaikumbuka ile mvua ya Atlixco?" Naye akasema, "Unaikumbuka ile mvua ya Atlixco?" Sentensi ya pili ikapita, ya tatu ikapita. Mabega yakamshuka. Kisha sauti ya Amparo ikawa ya chini zaidi. Don Evaristo akamfuata kama siku zote.

"Miaka yote hii nakupa maneno," alisema, mkono kifuani. "Ya kutongozea, ya kuombea radhi, hata ya kufia. Langu mimi hujaniuliza hata moja. Mama yangu alikufa nikiwa kibandani nakusomea, wewe unamlilia mama wa uongo. Ulilia vizuri sana. Kisha ukaja ukaniuliza leo tunakula nini. Nimechoka, mpenzi. Nimechoka kuongea kwa mdomo wa mtu mwingine."

Simu ikakatika. Mwanamke wa kwenye benchi alikuwa ameinuka, anamtazama. Itzel alikuwa akipekua karatasi kwa mkono mmoja na kufuta machozi kwa mwingine. Hapo ndipo Don Evaristo alipojua kwamba ametoka nje ya karatasi.

"Hii haimo humu," alisema Itzel.

"Binti yangu, nisamehe..."

"Nikusamehe nini? Kazi ni yako! Ila kamera hatukuiwasha, nilidhani unajipasha moto tu. Jumatatu useme vilevile, neno kwa neno. Usinibadilishie kitu."

Don Evaristo alishuka ngazi mori umempanda, akaufungua mlango wa gari kwa kishindo.

"Umenichezea! Nani alikuambia ubadilishe?"

Amparo alikuwa ameshika usukani, macho mekundu. "Wamekunyima?"

"Wamenipa. Tena wanataka vilevile, neno kwa neno."

Amparo akamgeukia taratibu. Uso wake ulikuwa umelainika, na mkono wake ukatoka kwenye usukani ukaja kutulia juu ya goti la mumewe.

"Kumbe umenisikia," alisema. "Evaristo, mwishowe umenisikia."

"Ndiyo, ndiyo." Don Evaristo alikuwa amekwisha kutoa kalamu, akaigeuza karatasi upande mweupe. "Hebu sema tena, polepole niandike. Sikumbuki hata neno moja."